Umeme wa muda saiti Kibada: nivute kwa jirani au niombe mita yangu mapema?

MamaPacha_Kibada

Habari za jioni wote, na shikamooni wakubwa.

Tunajenga Kibada, Kigamboni. Nyumba ya vyumba vitatu, ya chini tu. Kuta zimefika lenta, jamvi bado halijamwagwa, na kenchi zinatakiwa zipande kabla masika hayajakolea. Mpaka hapa tumekwenda kwa nguvu za vijana na mashine ya zege ya dizeli ya kukodi, umeme hatukuuhitaji. Sasa kila fundi anayekuja anauliza umeme uko wapi. Seremala ana msumeno na randa za umeme. Wa grili anataka achomelee palepale ili afuate kipimo cha tundu la dirisha lenyewe, kwa sababu madirisha yangu hayakutoka sawa yote. Kisima kimeshachimbwa na pampu ya hosipawa moja imenunuliwa, imekaa kwenye boksi. Vigae vitakuja baadaye.

Fundi mkuu amependekeza tuvute kwa jirani. Ni mzee mmoja ng'ambo ya barabara ya mtaa, kama mita sitini hivi, mtu mkarimu sana, na amekubali bila kinyongo. Fundi ameshanunua roli la waya mweupe wa nyaya mbili, limeandikwa 1.5, ule laini. Anasema ataupitisha juu, kutoka mwarobaini wa mzee mpaka kwenye mkorosho wangu, ushuke saiti, mwisho anafunga ekstensheni ya matundu manne ndani ya chumba kimoja ambacho hakina bati.

Mimi ni mwalimu, saiti nafika jioni na Jumamosi. Mume wangu yuko kazini Geita. Nikimpigia simu ananiambia mwamini fundi. Namwamini kwenye tofali, lakini kwenye umeme roho haijatulia. Watoto wa mtaa wanakatiza kiwanjani kwangu wakienda madrasa, na mlinzi analala palepale.

Nguzo ya TANESCO iko upande wangu wa barabara, si mbali na kona ya kiwanja. Naomba kujua: huo waya unafaa? Kuna njia ya kupata umeme wangu mwenyewe wakati nyumba haina hata paa? Na kama nitakwenda na jenereta, nitakuwa nimekosea?

---

Kijana_Chamazi

Dada usijipe presha. Huku kwetu nyumba karibu zote zimejengwa kwa umeme wa jirani. Ongea na mzee vizuri, mnunulie umeme wa elfu ishirini kila mwezi, mambo yanakwenda. TANESCO hawakufungii mita kwenye tofali tupu, lazima uezeke kwanza. Kikubwa waya upite juu mtu asiukanyage. Breka ya mzee ipo, ikitokea shoti inakata yenyewe.

---

FundiUmeme_Temeke

Marahaba dada, na hongera kufika lenta, hapo wengi hukwama miaka.

Nafanya umeme wa majumbani ukanda wa Temeke, Mbagala na Kigamboni, nina leseni ya EWURA (mamlaka inayosimamia nishati na maji), na saiti nyingi ninazoitwa ni za watu kama wewe. Niruhusu niandike kirefu, maana hili la "breka inakata yenyewe" ndilo linaloua vijana saiti. Ndugu yangu wa Chamazi ameandika kwa nia njema, na wengi wanaamini hivyohivyo.

Breka imewekwa kulinda waya usiungue. Haikuwekwa kulinda mtu. Breka ya ampea 20 itapitisha ampea 20 mchana kutwa bila kushtuka, na ili ikate papo hapo inahitaji mkondo uzidi hapo mara tatu, mara tano na zaidi. Sasa mkono wa mtu unaganda na kushindwa kuachia kwa miliampea kumi na kitu, yaani karibu sehemu moja ya mia ya ampea moja. Kati ya mkondo unaomgandisha mtu na mkondo unaoishtua breka, mtu anakufa huku taa sebuleni kwa mzee zinawaka vizuri, hata hazijapepesa.

Halafu uko Kibada, ardhi yako ni mchanga. Fimbo ya ethi, ile inayopeleka ardhini umeme unaovuja, ya futi nne ukiipigilia kwenye mchanga mkavu unaweza kupata omu mia moja, au zaidi. Tuseme waya wa moto umechubuka ndani ya mashine ya kukata vigae ukagusa bodi ya chuma. Volti 230 gawanya kwa omu 100: ardhini zinakwenda ampea 2.3 basi. Breka ya 20 haijui kama kuna jambo. Bodi ya mashine inabaki na umeme, na anayeishika ni kijana aliyevaa kandambili zilizolowa, amesimama kwenye maji yanayotoka kwenye mashine hiyohiyo. Na hapo nimehesabu kama vile una ethi. Roli alilonunua fundi wako lina nyaya mbili tu. Ethi haimo kabisa.

Kinachomlinda mtu ni RCD, madukani wengi wanaandika RCCB. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaokwenda kwenye waya wa moto na unaorudi kwenye nyutro. Vikipishana kwa miliampea 30, maana yake kuna unaotorokea mahali pengine, labda kwenye mwili wa mtu, kinakata hapohapo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Ukienda Kariakoo sema "RCCB ya miliampea 30". Ukipewa ya 100 au ya 300 rudisha, hizo zinasaidia kuzuia moto lakini kwa mtu zimechelewa. Iwe na kitufe kimeandikwa T. Kila asubuhi kabla kazi haijaanza mlinzi au fundi akibonyeze. Ikikata, irudishwe, kazi iendelee. Isipokata, hakuna mashine inayochomekwa siku hiyo mpaka ibadilishwe. Na RCD isikufanye uache ethi: bila waya wa ethi, ubovu hukaa kimya ndani ya mashine mpaka mtu aiguse, mwili wake ndio unakuwa njia ya kwanza. Ukiwa na ethi, RCD inakata pale tu mashine inapoharibika, kabla ya mtu kufika.

Nirudi kwenye roli la 1.5 (namba hizo ni unene wa waya, milimita za mraba). Hata tukiweka usalama pembeni, kazi haitafanyika. Mchomeleaji na pampu wakiwa pamoja ni ampea 20 au zaidi. Kwa mita sitini, waya wa 1.5 unakula karibu volti 35 njiani. Mzee akiwa na 230 kwake, wewe unapata 195. Jioni watu wakiwasha vitu mtaani, kwa mzee penyewe panashuka, wewe unabaki na 180 na kitu. Pampu haitaanza vizuri, itaunguruma, itavuta mkondo mkubwa kuliko wake, koili itaungua, na mwenye duka atasema umeiunguza wewe. Waya wa 2.5 unakula kama volti 22 kwa umbali huo. Wa 6 unakula chini ya 9, huo ndio unaanza kufanya kazi. Bei yake kwa mita sitini, pamoja na nguzo za kuushikilia, itakushtua. Ukiijumlisha utaona unakaribia gharama ya kupata laini yako.

Juu ya miti ndiyo usifanye kabisa. Mwarobaini unayumba kwa upepo, waya unasuguana na tawi, ngozi inaisha polepole bila mtu kuona. Masika yakifika tawi limelowa, shina limelowa, na watoto wa madrasa wanasimama chini ya mkorosho kujikinga mvua. Huo waya mweupe laini umetengenezwa kwa ajili ya ndani ya nyumba. Jua la Kigamboni linaupasua.

Na kuna mkataba. Mita ya mzee ni ya nyumba ya mzee. Kuvusha umeme kwenda kiwanja kingine, tena juu ya barabara, akikutwa na wakaguzi anayewajibika ni yeye. Mzee mkarimu kiasi hicho si wa kumwingiza huko.

Sasa njia yako. Hapo ndugu yangu wa Chamazi ana nusu ya ukweli: kwenye tofali tupu hawafungi. Lakini mita haihitaji nyumba kubwa iishe. Inahitaji jengo lenye paa, lililotandazwa nyaya na fundi mwenye leseni, lenye mahali salama pa kuifunga. Jenga kibanda cha mlinzi sasa hivi. Chumba kimoja cha tofali, bati chache, mlango wa kufunga. Usikijenge popote penye nafasi. Kijenge pale ambapo geti na chumba cha mlinzi vitakuwepo hata nyumba ikiisha, upande wa nguzo. Mita ikifungwa kwenye ukuta utakaobaki, hutaihamisha tena. Watu wengi wanaifunga kwenye stoo ya mabati nyuma ya nyumba, nyumba ikiisha wanaanza kuomba kuhamishiwa na kulipia tena.

Kuomba ni kwa NIKONEKT, mfumo wa maombi wa TANESCO, kwenye simu au kwa *152*00#, unahitaji namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Atakuja mpimaji kuangalia umbali kutoka kwenye nguzo. Kwa bei zilizotangazwa Januari 2022, mjini umeme wa njia moja (ule wa kawaida wa nyumbani) ndani ya mita 30 bila kuongeza nguzo ni shilingi 320,960, ikihitajika nguzo moja ni 515,618, na maeneo yaliyohesabiwa vijijini ni 27,000. Unaona kwa nini nasisitiza kibanda kiwe upande wa nguzo: ukikisogeza nyuma ya kiwanja unaweza kulipia nguzo ambayo hukuihitaji. Kulipa ni kwa kontrol namba tu. Akija mtu na koti la kuakisi mwanga akikuambia mpe taslimu akuharakishie, huyo ni kishoka, tapeli tu, hata kama anawajua wote ofisini kwa majina.

---

Bi_Mkubwa_Toangoma

Mwanangu MamaPacha, mimi nimekuwa huyo mzee jirani. Kijana aliyekuwa anajenga ubavuni kwangu aliniomba umeme, nikampa, maana na mimi nilijengwa na watu.

Mimi ni mjane, naishi na wajukuu wawili, nilikuwa kwenye lile kundi la matumizi madogo. Uniti hazizidi 75 kwa mwezi, uniti moja shilingi 100 kabla ya makato. Kwa 9,150 nilikuwa napata uniti zote 75 na mwezi unaisha. Yule kijana alikuwa ananinunulia umeme bila kukosa, sina la kumlaumu kwenye fedha. Lakini matumizi yalipopita kiwango mfululizo, nikatolewa kwenye kundi lile nikapelekwa kwa wale wa uniti moja shilingi 292 kabla ya makato. Elfu kumi ikawa inanipa uniti 28. Yeye alimaliza nyumba, akapata mita yake, akahamia. Mimi nilibaki huko juu, na kurudi chini kulinitaka niende ofisini na kueleza na kusubiri.

Kwa hiyo kabla ya kuvuta hata wa siku mbili, muulize huyo mzee yuko kundi gani. Huenda mwenyewe hajui. Angalia risiti zake: akiweka elfu tano akapata uniti arobaini, yuko kundi la chini, usimguse. Wazee hatusemi. Tunakubali tu kwa sababu ya ujirani.

---

MamaPacha_Kibada

Bi Mkubwa, shikamoo, na Mungu akubariki. Nimempigia mjukuu wa mzee sasa hivi, akanisomea risiti ya mwisho. Elfu tatu, uniti 24 na kitu. Basi hapo kwa jirani pamefungwa, simvutii hata taa ya mlinzi.

Fundi, nimekuelewa mpaka nikaogopa. Kibanda nitaanza wiki hii, tofali zilizobaki zinatosha. Ila mchomeleaji na seremala wananisukuma, na mita hata ikiwahi haitafika kesho. Je, jenereta kwa hiki kipindi cha katikati? Fundi mkuu anasema kuna rafiki yake ana jenereta ndogo ya petroli, imeandikwa 2.5 kVA. Na kibandani niweke nini hasa ili nikimwambia fundi asinipunguzie?

---

Mchomeleaji_Dom

Dada, naingia hapo kwenye jenereta maana ndiyo kazi yangu, niko Dodoma, na saiti nyingi za huku Nkuhungu na Iyumbu tunaanza bila umeme.

2.5 kVA kwa seremala inatosha, msumeno mmoja au randa moja kwa wakati. Kwa kuchomelea haitoshi. Mashine ya kisasa ya inveta nikiiweka ampea 100 kwenye vijiti, yenyewe inavuta karibu kVA 4. Grili za madirisha unaweza kuchomelea na vijiti vya geji 12, ampea 70 au 80, lakini bado 2.5 inakoroma, mwanga wa kulehemu unakatika, na mshono unatoka na matundu. Mteja anaona grili imeshika. Baada ya miaka miwili kutu inaingia kwenye yale matundu. Jenereta ya 5 kVA kwenda juu ndiyo inachomelea. Ile mashine ya zamani ya koili, nzito ya kubebwa na watu wawili, hiyo hata usiifikirie kwa jenereta ndogo.

Pampu ya hosipawa moja inapoanza huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida kwa muda mfupi. Inaweza kuanza kwenye 2.5 au isianze. Mimi ningesubiri mita.

Ushauri wangu: mwambie wa grili aje apime kila dirisha, aandike namba ukutani kwa chaki na kwenye daftari lake, dirisha la kwanza mpaka la mwisho, kila moja na urefu wake juu na chini. Akachomelee kwenye karakana yake. Madirisha yasiyo sawa si sababu ya kuchomelea saiti, ni sababu ya kupima vizuri. Akija saiti ni kwa kufunga tu, hapo grenda na drili zinatosha, na jenereta hiyo inazibeba.

---

FundiUmeme_Temeke

Mchomeleaji amesema vema, sina la kuongeza kwenye kulehemu. Kwenye jenereta niongeze moja ambalo wengi hawalijui. Jenereta nyingi ndogo za kubeba, nyutro yake haijaunganishwa na bodi wala ardhi. Ukiifungia RCD bila kurekebisha hilo, ukibonyeza T inaweza kukata ukaamini uko salama, ilhali umeme ukivuja ardhini haina njia ya kuuona. Kwa muda mfupi, jenereta iwe ya mashine moja tu, yenye waya mfupi mzima, na mashine iwe ile yenye alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine. Grenda, drili na misumeno ya mkono mingi inayo. Maana yake ina kinga mbili ndani na haitegemei ethi. Mashine ya vigae ya maji isubiri mita. Na jenereta isiwekwe ndani ya chumba hata kama hakina bati, wala mlinzi asilale nayo kibandani mvua ikinyesha. Moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu, haimwamshi mtu.

Kibandani. Fundi atakayetandaza nyaya awe na leseni, muulize na uione, kwa sababu yeye ndiye anayesaini fomu za TANESCO. Baada ya mita iwepo meni swichi, kisha RCD ya ampea 63 miliampea 30, kisha breka: 6 kwa taa, 20 kwa soketi za kibanda, na 32 moja kwa ajili ya kisanduku cha saiti. Fimbo ya ethi ipigiliwe nje ya ukuta upande ambao maji ya kuogea ya mlinzi yanamwagika, ardhi ikae na unyevu. Ukiweza pigilia mbili, ziachane kama mita mbili na nusu, ziunganishwe kwa waya wa kijani na njano wa 10. Watu wanaweka chumvi na mkaa shimoni. Inasaidia kwa msimu, chumvi inaoshwa na mvua. Unyevu na fimbo ya pili vinasaidia zaidi. Fundi apime kwa kipimo cha ethi na akuandikie namba aliyoipata.

Kisanduku cha saiti ndicho watu wanakipuuza. Usikubali ekstensheni ya matundu manne iliyolala chini kwenye vumbi la saruji. Kiwe kisanduku cha plastiki kigumu cha nje chenye mfuniko, kifungwe kwenye ubao imara kwa urefu wa kiuno, juu kiwe na kipande cha bati. Soketi zake zitazame pembeni au chini, zisitazame juu. Kutoka kibandani kuja hapo tumia kebo ya nyaya tatu ya 6 yenye koti gumu jeusi. Ikipita ardhini, iwe ndani ya paipu, nusu mita kwenda chini, na juu yake panga tofali mbovu kabla ya kufukia ili mwenye jembe akutane na tofali kwanza. Jioni, zile nyaya za kuhamishika zikunjwe zifungiwe kibandani. Shaba inaibwa, na mwizi wa usiku anakata waya bila kujali una moto au hauna. Asubuhi ncha inabaki chini inamsubiri mtoto wa madrasa. Mlinzi azime hiyo breka ya 32 kila siku kazi ikiisha, awe na funguo ya kisanduku.

Plagi ziwepo kwenye kila mashine. Nimeingia saiti nyingi nikakuta nyaya zimechunwa zikachomekwa tundu la soketi na kubanwa kwa njiti za kiberiti. Ukiona njiti moja, simamisha kazi hata kama fundi atanuna. Wewe ndiye unayelipa, na likitokea la kutokea wanakuja kwako.

Umesema jamvi bado. Basi kabla halijamwagwa, laza paipu ya inchi moja na nusu kutoka upande wa kibanda, ipite chini ya msingi, itokee pale ambapo kisanduku kikuu cha nyumba kitakaa. Pinda zake ziwe pana, zisiwe za kona kali, na uache kamba ya nailoni ndani, ncha zote mbili zimefungwa. Siku ya kuhamia, kebo kubwa inavutwa kwa kamba hiyo. Paipu hiyo leo ni fedha ndogo sana. Jamvi likishamwagwa ni kupasua sakafu yenye vigae.

---

Kijana_Chamazi

Fundi nimesoma yote. Kuna saiti ya kaka yangu hapa Chamazi tumevuta kwa nyuma ya nyumba ya jirani, waya wa nyaya mbili vilevile, na wiki iliyopita kijana mmoja alisema mashine ya vigae "inamtekenya". Tulicheka. Nakwenda kuichomoa sasa hivi.

---

FundiUmeme_Temeke

Ichomoe kwanza kwenye soketi ya jirani, si kwenye mashine, halafu uniandikie faragha. Usimruhusu mtu aiguse leo. Kutekenya maana yake tayari bodi ina umeme na bahati yake ilikuwa miguu mikavu.

---

MamaPacha_Kibada

Nimepeleka ujumbe kwa fundi mkuu, alikasirika kidogo kwa ajili ya roli lake la waya, nikamwambia tutalitumia kwenye taa za ndani siku ikifika. Wa grili amekubali kupima na chaki. Kesho jioni nakwenda kusimamia shimo la msingi wa kibanda, na paipu ya chini ya jamvi nimeiandika ya kwanza kwenye orodha ya hadwea.

Swali la mwisho, samahani kwa kuwachosha. Kibanda kikiwa geti na nyumba iko ndani kama mita ishirini na tano, hiyo kebo ya baadaye kwenda nyumba kubwa iwe ya ngapi? Tutakuwa na jiko la umeme, AC moja, na hiyo pampu.

---

FundiUmeme_Temeke

Hujatuchosha dada. Kwa mita ishirini na tano na vitu hivyo, weka kebo ya shaba ya 16 yenye utepe wa chuma. Wa 10 ungebeba, lakini jiko, AC na pampu vikikutana saa moja usiku utajutia tofauti ya bei. Paipu ya inchi moja na nusu itaipokea ikiwa pinda ni pana kama nilivyosema. Kama fundi bomba ana ya inchi mbili, chukua hiyo. Na mwambie apige picha paipu ikiwa shimoni, kukiwa na futi kamba inayoonyesha umbali kutoka ukutani, kabla hawajafukia. Picha itumwe kwako na kwa mumeo Geita.